Saa ya Chakula

Mume wangu alimsamehe mtu aliyeniulia mwanangu kabla udongo wa kaburi haujakauka, na mimi hakuniuliza. Naanza na hilo kwa sababu kwa miezi tisa ndilo nililolala nalo na kuamka nalo. Anayenijua anajua kuwa nina mdomo, na miezi ile tisa sikuupumzisha.

Sisi wanawake hatuendi makaburini. Siku ile nilibaki nyumbani, Barking, nimezungukwa na mashoga zangu, napewa maji nisiyoyataka. Yaliyotokea kule nilielezwa na shemeji yangu Soud, aliyerudi na tope kwenye viatu na kudhani kwamba ananiletea habari ya kunipoza.

"Kaja mzungu mmoja, kavaa koti jeusi, kasimama mbali na watu," alisema. "Ilipokwisha talkini pale kaburini kaka akamwita. Kumbe ndiye mkuu wa usalama kule mlimani alikofia mtoto, yeye ndiye anayefungua njia za theluji na kuzifunga. Kapanda ndege kwa hiari yake, hakutumwa na mtu. Kamshika kaka mkono, analia. Kaka kamwambia mbele ya watu wote, nimekusamehe duniani na akhera. Watu walilia, shemegi."

"Na mie?" nikamuuliza. "Mie nani kanisemea?"

Soud akatazama viatu vyake.

Kwetu neno kama lile halirudishwi. Mtu akishasema mbele ya kaburi, na mashahidi wamesimama, limekwisha. Hata ningetaka kumshika mzungu yule shati na kumuuliza alikuwa wapi saa ile, ningekuwa ninamvunjia mume wangu ahadi yake, na wazee wote wa Pemba waliobaki London wangenitazama kwa jicho la pembeni. Jaffar alinifunga mdomo bila ya kunigusa.

Suad alikuwa binti yetu wa pekee. Tulimpata baada ya miaka tisa ya ndoa, mwaka wa sabini na nne, wakati tumeshakata tamaa na tumeshazoea kuambiwa pole. Tulikuja nchi hii baada ya mapinduzi na sanduku moja na anwani ya mtu tusiyemjua. Jaffar akapata kazi ya kupanga barua posta, mimi nikawa nafua na kulisha wazee katika nyumba ya kulelea wazee Ilford. Mtoto akakua akinisikia kwa Kiswahili na kunijibu kwa Kiingereza, kama wenzake wote.

Mchezo wa kuteleza kwenye theluji, uliompeleka huko mlimani, alifundishwa shuleni. Jirani na sisi, Beckton, kipo kilima cha taka za kiwanda cha gesi cha zamani. Wakakifunika kwa mabrashi ya plastiki, wakasema hapa watu wajifunze skii. Nilikwenda mara moja kumtazama. Watu wazima wanateremka jaani na miti miguuni, wanaanguka, wanacheka. Nikasema hawa wazungu wanatafuta adhabu kwa kulipa. Lakini Suad alipofika chini alikuwa na uso ambao sikuwahi kumwona nao nyumbani. Alifurahi kabisa, na mimi nikanunua glavu.

Alipoanza kazi ya uhasibu kwenye ofisi moja mjini, akapata rafiki, Hansa, binti wa Kihindi wa Ilford, mama yake mzaliwa wa Tanga. Februari ya tisini na saba wakapanga kwenda milimani Ulaya, wasichana wanne wa ofisini, wiki moja. Ilikuwa siku chache baada ya Idi.

Kwetu Pemba, sita hazilali. Namaanisha zile siku sita za kufunga baada ya Ramadhani. Mwezi mzima unaruhusiwa, lakini mama yangu alikuwa anaanza Mosi pili, kesho yake tu ya Idi, na nyumba nzima inaanza naye, na akiona mtu anachelewesha humwandama mpaka amalize. Suad alikuwa ameshafunga mbili tu alipofunga sanduku. Jaffar akaniambia, "Msafiri huyo, mwache. Atazimaliza akirudi." Nikamwambia akirudi atakuwa na kazi, na baada ya kazi atakuwa na uchovu, na mwezi utakwisha hivi hivi. Nikamtia Suad tende kwenye mfuko wa koti.

Alipiga simu Jumanne jioni kutoka hotelini. Akasema theluji imeanguka siku mbili mfululizo, haijapata kuwa nyingi vile. Nikamuuliza kama amevaa fulana ya ndani. Nikamuuliza sita amefika wapi.

"Nne, Mum," akasema. "Relax. Mbili nitamaliza hukuhuku."

"Kesho ntakuuliza," nikamwambia.

Kesho yake, Jumatano, saa saba mchana, mlima ulimporomokea.

Barua ya kampuni ya mlima ilikuja Aprili. Karatasi nzuri, nzito, yenye picha ndogo ya kilele pembeni. Waliandika kwamba wanasikitika. Waliandika kwamba kampuni inawajibika kuwalinda watu na maporomoko katika njia zilizo wazi tu, na kwamba njia ile ilikuwa imefungwa kwa kamba na bango tangu asubuhi kwa sababu ya hatari. Anayevuka kamba, walisema, anajitwalia mwenyewe hatari za maumbile.

Niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Mwanangu avuke kamba. Suad, ambaye saa kumi na moja alfajiri, barabara haina hata paka, alikuwa anasimama kungoja taa ya kijani ndipo avuke, na mimi namvuta mkono tunachelewa basi. Suad aliyekwenda kurudisha kitabu cha maktaba akiwa na homa. Nikamwambia Jaffar, wamemuua, na sasa wanamfanya mkaidi.

Tangu siku ile nilitaka jambo moja tu, na sikulificha. Sikutaka fidia wala sikutaka mtu afungwe. Nilitaka isemwe mbele ya watu, na iandikwe, kwamba mwanangu hakuvuka kamba.

Njia ilikuwepo. Nchi hii, maiti ikiletwa kutoka nje na kifo hakikuwa cha maradhi, lazima kifanyiwe uchunguzi mahakamani. Walituandikia kwamba kikao kitakuwa Novemba, Walthamstow. Nilifurahi, kama hilo ni neno la kutumia. Jaffar hakufurahi. Nilimkuta ukumbini ameshika simu, anamuuliza karani kwa sauti ya chini kama ni lazima, kama familia ikiridhika mambo hayawezi kuishia hapo.

"Mwache alale, Mama Suad," aliniambia alipoweka simu. "Tumeshasamehe."

"Umesamehe wewe," nikasema. "Umeuza damu ya mwanao ili watu wakusifu. Walilia, eti. Umepata machozi yao, yametosha?"

Mtu huyo alikuwa hajibu, na kutojibu kwake kulikuwa kunanitia wazimu. Nilihamia chumba cha Suad. Niliacha kula naye. Nikawa nampikia, nafunika, naondoka. Kila asubuhi alikuwa ananiwekea chai mlangoni, na kila asubuhi mimi naimwaga mbele yake kwenye sinki, nikihakikisha ananiona. Nimesema mengi mwaka ule ambayo sitayaandika hapa.

Hansa naye aliacha kuja. Siku ya maziko alikuja asubuhi, akazungumza na Jaffar uani muda mrefu, kisha akaondoka bila ya kunipa mkono. Mwezi wa Julai nilirudi mapema kutoka kazini nikamkuta jikoni na Jaffar, vikombe viwili mezani. Nilipotokea mlangoni, wakakatiza maneno yao. Nilidhani ananiogopa kwa kuwa yeye amerudi mzima na wangu hakurudi. Nikaona haya yake ni haki yake.

Siku ya kikao nilivaa buibui jipya. Chumba kilikuwa kidogo, kina zulia la kijani na jagi la maji kwenye kila meza, na nje unasikia mabasi. Hakimu wa uchunguzi alikuwa mwanamke mwenye mvi, mpole, akatueleza kwamba pale hatafutwi mwenye kosa, anatafutwa marehemu ni nani, alikufa lini, wapi na vipi. Nikajisemea moyoni, hiyo vipi ndiyo yangu. Upande wa pili alikaa wakili wa kampuni na mafaili yake, na karibu yake mtu mwembamba aliyechomwa na jua mpaka kwenye kope. Sikuhitaji kuambiwa ni nani. Nilimtazama nikitaka ageuke, na alipogeuka aliinamisha kichwa kwa Jaffar kwanza, kisha kwangu.

Hakimu alisema shahidi huyo ni wa nchi nyingine, mahakama haina nguvu ya kumwita, kaja kwa hiari. Alizungumza Kiingereza cha polepole.

Alisema asubuhi ile hatari ya maporomoko ilikuwa nne, na kipimo mwisho wake tano. Wafanyakazi wake waliripua mabomu madogo upande wa mashariki ili theluji ishuke yenyewe kabla ya watu kupanda, lakini upepo ukazidi, upande wa magharibi hawakuuwahi. Kwa hivyo akaifunga njia iliyo chini yake. Juu kabisa wakaweka kamba na bango. Lakini njia ile ina mlango mwingine wa pembeni, kijia kinachotoka kwenye mkahawa wa mlimani. Hapo nguzo za kufungia kamba zilikuwa zimefukiwa na theluji. Akamsimamisha mlinzi mmoja awarudishe watu.

"Mlinzi alikuwepo mpaka saa ngapi?" hakimu akauliza.

"Mpaka saa sita u nusu."

Wakili akanyanyua kichwa. Hakimu akapekua karatasi zake, akasema hilo halimo kwenye maelezo ya kampuni.

"Halimo," yule mtu akasema. "Mimi nilimwita kwa redio ashuke akale. Alikuwa kwenye baridi tangu saa moja. Nina miaka kumi na minane kwenye mlima ule. Saa saba mchana hapiti mtu. Watu wote wanakula, njia zinakuwa tupu kabisa. Nilihesabu nusu saa. Nilisema, nusu saa hiyo hakuna atakayepita."

Wakili alisimama, akasema shahidi ashauriane naye kwanza. Yule mtu hakumtazama. Alitutazama sisi.

"Baba yake alinisamehe mbele ya kaburi," akasema. "Siwezi kuja hapa nikasema binti yake alivuka kamba. Hakukuwa na kamba. Hakukuwa na mtu. Kule alikotokea, njia ilionekana wazi."

Basi nikawa nimelipata. Nililia, na kwa mara ya kwanza tangu Februari nilimgeukia mume wangu. Nilitaka kumwambia kwamba msamaha wake ndio uliomleta mtu huyu, kwamba nimeona. Lakini Jaffar alikuwa ameinama, mikono katikati ya magoti, na jasho kwenye shingo yake mwezi wa Novemba.

Hakimu akauliza kama familia ina swali. Jaffar akatikisa kichwa. Mimi nikasimama.

"Kaa, Mama Suad," akaninong'oneza, akanivuta mkono wa buibui. "Umelipata ulilolitaka. Kaa, nakuomba."

Niliutoa mkono wake. Nimenyamazishwa makaburini, sinyamazishwi hapa. Na kusema kweli, hasira yangu, iliyokwisha kumwacha mzungu yule, ilikuwa inatafuta pa kwenda. Nikauliza, kwa Kiingereza changu cha kulisha wazee, kwamba kama watu wote walikuwa wanakula, mwanangu alikuwa njiani anafanya nini? Walikwenda wanne. Wenzake walikuwa wapi mpaka akawa peke yake?

Hakimu akasema swali hilo anaweza kulijibu rafiki wa marehemu, ambaye maelezo yake alikusudia kuyasoma kwa ufupi tu. Akamwita Hansa.

Hansa alisimama nyuma yangu. Hakunitazama. Alimtazama Jaffar, na Jaffar akafumba macho.

"Tulikuwa mkahawani," alisema. "Tunakula. Suad alikuwa amefunga. Jumatatu na Jumanne alikaa na sisi mezani tukila, akitutania. Jumatano akasema harufu ya chipsi inamtesa, bora ateremke polepole atungoje chini. Tulimwambia ale, yuko safarini. Akasema zimebaki mbili tu." Akashika mgongo wa kiti. Hakimu akamngoja. "Akasema, jioni mama yangu ataniuliza."

Nilikaa. Sikumbuki kukaa, nakumbuka kiti.

Mlima mzima walikuwa wanakula. Mtu aliyekaa miaka kumi na minane kwenye theluji alipiga hesabu yake, na hesabu ilikuwa sahihi kwa kila mtu aliyekuwako pale isipokuwa mmoja. Hakuwa na njia ya kujua kwamba Barking kuna mwanamke aliyekwishasema, kesho ntakuuliza.

Hakimu alisoma uamuzi wake. Alisema kifo cha ajali, katika njia iliyofungwa juu na kuachwa wazi pembeni, na kwamba marehemu hakupuuza onyo lolote. Aliusoma taratibu, akinitazama, akidhani ananipa kitu. Yale ndiyo maneno niliyoyapigania miezi tisa. Yameandikwa, karatasi ninayo.

Nje kulikuwa na manyunyu. Tulikaa kwenye benchi la kituo cha basi. Hansa alipita mbali akishikwa mkono na mama yake, na sikumwita. Mzungu alitoka peke yake, akasimama kidogo ng'ambo ya barabara kama anayetaka kuja, kisha akaenda zake.

"Ulijua," nikasema.

"Hansa aliniambia siku ya maziko. Asubuhi, hatujalitoa jeneza. Hakuweza kukaa na jambo hilo moyoni."

"Ndo ukamsamehe yule."

Jaffar alivua kofia yake, akaikunja mara mbili, akaishika. "Niliona nikimsamehe mbele ya watu, mambo yataishia pale. Hakuna kesi, hakuna wa kuuliza maswali. Usingesikia."

"Miezi tisa nakutukana."

"Ndiyo."

"Chai naimwaga mbele yako."

"Nakuona."

"Ungeniambia tu, Baba Suad."

"Ningekwambia vipi?"

Nilifikiria tende nilizomtia mfukoni. Zilirudi na nguo zake kwenye mfuko wa nailoni, zimegandana, na mimi niliziweka kwenye kabati lake nikasema mtoto wangu hakuwahi kufuturu. Nilikuwa nimelisema hilo kwa uchungu tu, sikusikia ninalolisema.

Watu walikuja wakasimama kituoni, mwanamke na kigari cha mtoto, vijana wawili wa shule. Nilijifunika mdomo kwa mtandio wasinisikie.

"Yule ulimwambia duniani na akhera," nikasema. "Mtu usiyemjua. Na mie je?"

Jaffar hakuwa na haraka. Aliikunjua kofia, akaivaa, akaitengeneza kama anavyoitengeneza anapotaka kwenda kusali.

"Nilianza na wewe, Mama Suad," akasema. "Pale uani, Hansa hajamaliza kusema. Yule mzungu alikuja baada yako."

Basi letu likafika, mlango ukafunguka. Sikunyanyuka. Akanishika mkono, akamwashiria dereva aende, tukakaa pale tukangoja jingine.